Komeo la Nje

Mlango wa kumi na nne ndio uliomsimamisha Fundi. Ile kumi na mitatu ya mwanzo aliimaliza kwa siku nne: alifungua vitasa, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akachonga funguo mpya kwa tupa, na bawaba zilizokuwa zikilia akazinyamazisha kwa grisi. Nyumba Kuu, kama mji mzima ulivyoiita, ilikuwa ikiandaliwa kufunguliwa kwa wageni. Watu wangekata tiketi, wangetembezwa chumba hadi chumba, wangeonyeshwa vioo na vitanda vya matajiri wa zamani. Fundi aliitwa kwa sababu hapakuwa na mwingine mjini aliyeweza kufungua kitasa cha zaidi ya miaka mia bila kukivunja.

Mlango huo ulikuwa chini ya ngazi, nyuma ya jiko la zamani. Ulikuwa mfupi, mtu mzima hakupita bila kuinama, lakini mbao zake zilikuwa nene kuliko za mlango wa barabarani. Fundi alipiga magoti na kuukagua. Tundu la ufunguo lilikuwa nje. Upande wa ndani hapakuwa na tundu. Juu ya kitasa palikuwa na komeo la chuma nene kama kidole gumba, nalo lilikuwa nje. Mpaka hapo hakuona la ajabu, maana stoo zote hufungwa kwa nje. Kilichomshtua ni bawaba. Nazo zilikuwa nje, pini zake zimeachwa wazi. Mwizi yeyote mwenye nyundo na msumari angezigonga zikachomoka, akaubeba mlango mzima na kuuegemeza ukutani. Aliyeutengeneza mlango huu hakumwogopa mwizi wa kutoka nje. Alimwogopa mtu aliye ndani.

Aliingia na tochi. Chumba kilikuwa na urefu wa hatua saba na upana wa hatua tatu. Karibu na dari palikuwa na matundu mawili ya hewa, kila moja la kupitisha ngumi. Alipougeukia mlango, aliona mbao za upande wa ndani zimelika kwa chini, usawa wa mabega ya mtu aliyeketi, zikawa laini na zenye kung'aa. Watu walikuwa wameegemea hapo miaka na miaka.

Msimamizi wa nyumba alimkuta bado ameuelekezea tochi. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu ya kisomi, aliyesema "tafadhali" hata alipokuwa akiamrisha. Alimweleza Fundi kazi iliyobaki. Komeo litolewe, bawaba zigeuzwe ziwe za ndani, matundu ya hewa yazibwe, na upande wa ndani litobolewe tundu la ufunguo la kawaida. Hii ilikuwa stoo ya nafaka, alisema, nao walitaka ifanane na stoo ya nafaka.

"Lakini haikuwa stoo," Fundi alisema.

"Wageni wanakuja kupumzisha akili, Fundi. Hatutaki waondoke na picha mbaya."

Fundi alisema angelifikiria usiku huo kwanza. Msimamizi akacheka kwa upole, akamuuliza tangu lini fundi wa kufuli akaombwa maoni na mlango.

Nyumbani kwa Fundi hapakuwa na mtu ambaye kazi ya Nyumba Kuu haikumgusa. Mkewe, Mshonaji, alikuwa mbele ya cherehani akimalizia sare thelathini za watembezaji wa wageni na wahudumu wengine, oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Binti yao, ambaye baba yake alimpa jina la Kasuku tangu alipoanza kusema akiwa na miezi kumi, alikuwa mmoja wa watembezaji sita walioajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Alikuwa akizunguka sebuleni na maelezo ya kurasa kumi na moja, akiyakariri kwa sauti hadi mama yake naye akayajua. Na Bibi, mama yake Fundi, aliyekuwa amepita miaka themanini, alikuwa kwenye kiti chake akichambua mchele kwenye sinia.

Fundi aliwasimulia huku akinawa mikono. Alieleza komeo, kitasa na zile bawaba, na jinsi alivyotakiwa kuvibadilisha. Kasuku alifunua ukurasa wa saba na kusoma: stoo ya nafaka, ambamo watumishi wa familia walihifadhi akiba ya mwaka. Alisema kwa kweli hata yeye sentensi hiyo ilikuwa ikimkwama kooni, ila hakujua kwa nini.

Bibi aliacha kuchambua. "Yale matundu mawili ya juu," aliuliza, "bado yapo, au yamezibwa?"

Cherehani ilinyamaza. Fundi hakuwa ametaja matundu yoyote, na mama yake hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Alimuuliza amejuaje.

"Bibi yangu alilala humo," Bibi alisema. "Aliniambia hewa ilikuwa ikiingia kwa zamu. Aliyefika wa mwisho alilala mlangoni, na aliyelala chini ya matundu ndiye aliyekuwa tajiri wa usiku huo."

Maisha yao yote walikuwa wameambiwa kwamba ukoo wao ulikuja mjini kwa biashara ya nguo. Fundi mwenyewe aliwahi kujisifu hivyo mbele ya wakwe zake. Sasa mama yake, pasipo kutoa chozi, aliwasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia hata kwa marehemu mumewe. Bibi yake alinunuliwa akiwa na miaka kama tisa. Aliamshwa kabla ya mapambazuko kubeba maji kutoka kisimani hadi orofa ya tatu. Mchana alikodishwa kufua katika nyumba za watu wengine, na ujira wake ulipelekwa moja kwa moja kwa bwana wake. Hakuwa na pingu wala kamba.

"Mji mzima ulimwona," Bibi alisema. "Alipita barabarani na beseni kichwani kama mtu mwingine yeyote. Walimsalimia. Jioni ikifika, anafungiwa."

Mshonaji ndiye aliyesema wa kwanza, na hakusema kwa upole. Alisema yeye alikuwa ameolewa tu katika ukoo huu, lakini watoto walikuwa wake. Alikumbusha namna neno la kuwatukana wazao wa walionunuliwa lilivyokuwa bado likirushwa mtaani watu wakigombana bombani, namna wazazi walivyoulizana pembeni kuhusu asili ya mtu kabla ya kumpa binti yao. Kasuku hakuwa ameolewa bado. Ndiyo kwanza amepata kazi. Na sare thelathini zilikuwa zimebakiza vifungo tu.

"Komeo ni chuma, Baba Kasuku," alisema. "Litoe, tuendelee na maisha yetu."

Fundi alimtazama mama yake, akamuuliza anataka lifanyike lipi. Bibi alijibu kwamba hakuwa na la kumwomba mtu. Alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo kwa hiari yake na asingemlaumu anayetaka kuendelea kunyamaza. Alirudia mchele wake. Baada ya muda alisema angependa tu kukiona chumba kile, kabla hakijawa stoo.

*

Asubuhi yake Fundi alikwenda ofisini kwa Msimamizi akasema mlango wa kumi na nne hataugusa. Kama wangetaka ufunguke vizuri, angeupaka grisi. Kama wangetaka useme uongo, watafute mtu mwingine. Alikuwa ameiandaa hotuba ndefu zaidi njiani, lakini hilo ndilo lililotoka.

Msimamizi hakugombana. Alimlipa milango kumi na mitatu, akamshukuru, akamtakia siku njema. Ila Fundi alipofika getini, mlinzi, mtu waliyekuwa wakinywa naye chai kila asubuhi, alimwambia amepewa maagizo, akamwomba aweke mkoba chini. Kila bisibisi, kila tupa, kila ufunguo mbovu ulitolewa na kupangwa kwenye vumbi mbele ya wapaka rangi na wapita njia, kuhakikisha hakuna mali ya nyumba iliyopotea. Mlinzi alipomaliza alitaka kumsaidia kuvirudisha. Fundi alimwambia aache, angevirudisha mwenyewe, maana kila kimoja kilikuwa na mahali pake.

Kazi ilifanywa na fundi mwingine, yule waliyemwita Chapuchapu, kwa mchana mmoja. Jioni alipita kibandani kwa Fundi, akasimama akichezea kufuli zilizotundikwa, akasema ana watoto wanne. Fundi alimwambia anajua, na kwamba hakuwa na kinyongo. Alimuuliza tu ametumia puti gani kuziba matundu ya komeo. Chapuchapu akaitaja. Ilikuwa ile ya bei rahisi.

Siku mbili kabla ya ufunguzi Mshonaji alipeleka sare. Aliwekwa uani, pasipo kiti, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa saa mbili na nusu, huku wafanyakazi wakimruka na ngazi na makopo ya rangi. Msimamizi alipotoka, alizikagua moja moja, akavuta kila kifungo. Tisa alizikataa kwa sababu ya uzi. Alisema weupe wake umekolea. Mshonaji alimwonyesha kwamba uzi ulitoka kwenye bunda moja. Hakusikilizwa. Hilo angeweza kulimeza, maana wateja aliwazoea. Kilichomkaa moyoni ni maneno ya mwisho, ambayo Msimamizi aliyasema akiwa tayari amempa mgongo.

"Mwambie mumeo historia tuwaachie wenyewe."

Njiani kurudi, sare tisa kichwani, Mshonaji aliyageuza maneno hayo. Wenyewe. Alijiuliza ni akina nani hao, kama si yule kikongwe aliyemwacha nyumbani akichambua mchele. Alikuwa ameshafika katikati ya soko alipogeuka. Alirudi hadi kwenye dirisha la tiketi la Nyumba Kuu, akafungua kitambaa alichofungia fedha za sare ishirini na moja, akanunua tiketi tatu za siku ya ufunguzi. Bei ya tiketi moja ilikuwa sawa na chakula cha nyumba yake kwa siku mbili. Mwuza tiketi alimuuliza kama ni za wageni wake. Alijibu kwamba ni za wenyewe.

Nyumbani aliziweka mezani bila maelezo. Fundi alizitazama, akamtazama mkewe, akaondoka kwenda kutafuta viatu vya mama yake vya kutokea.

*

Kasuku alipewa kundi la watu kumi na wanane, na watatu kati yao walikuwa wa kwao. Hakuna aliyemweleza afanye nini. Mama yake alikuwa amempigia pasi sare na kumwambia asimame wima, basi. Alianza vizuri. Aliwaonyesha ukumbi, meza ya watu ishirini na wanne, kioo kilichosafirishwa miezi mitano. Alikuwa na sauti inayofika nyuma bila kupiga kelele, na wageni walimpenda. Nyuma ya kundi alitembea Mwenyekiti wa familia iliyomiliki nyumba, mzee mtulivu mwenye fimbo nzuri, pamoja na Msimamizi.

Walipofika chini ya ngazi, mlango ulikuwa unang'aa kwa vanishi. Kasuku alisimama mbele yake. Alifungua mdomo, akaufunga, akaukunja ule ukurasa wa saba mara mbili na kuutia mfukoni.

"Nimeambiwa niwaambie hii ni stoo ya nafaka," alisema. "Nimekariri, naweza kuyasema hayo hata nikiwa usingizini. Lakini baba yangu ndiye aliyeufungua mlango huu, na bibi yake bibi yangu ndiye aliyefungiwa ndani yake. Baba na bibi yangu wapo hapa. Naona waseme wao."

Msimamizi alianza kusogea mbele, lakini ukumbi wa chini ya ngazi ulikuwa mwembamba na watu hawakumpisha. Fundi alitoka kwenye kundi. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, kwa hiyo alisema na mlango. Aliubonyeza kwa ukucha mahali palipokuwa na komeo, ukucha ukazama. Puti haijakauka, alisema. Ina siku sita. Aliwaonyesha alama za bawaba za zamani chini ya vanishi, akawaeleza, kama anavyomweleza mteja, tofauti ya mlango unaozuia mtu kuingia na mlango unaozuia mtu kutoka. Mwanamume mmoja wa makamo alipiga magoti kuona vizuri. Kisha mwingine.

Bibi aliingia chumbani. Mgongo ulikuwa umeshampinda kwa umri, kwa hiyo hakuhitaji kuinama. Alisimama katikati, akainua mkono kuelekea kulikozibwa matundu, asipafikie. Aliyoyasema humo ndani aliyasema kwa sauti ya kawaida, na watu walijazana mlangoni kuyasikia. Walikuwa kumi na mmoja humu, alisema. Wawili walikuwa wapishi, mmoja mshona viatu ambaye bwana alimkodisha kwa fundi wa mtaa wa pili, mmoja mlezi wa watoto, waliobaki ni wa maji, kufua na kubeba. Mtoto alizaliwa humu usiku mmoja, na komeo halikufunguliwa mpaka saa yake ya kila siku.

Msichana mmoja aliuliza kama mtoto huyo aliishi.

"Aliishi," Bibi alisema. "Ndiye mama yangu."

Mwenyekiti alipita katikati ya watu kwa adabu, fimbo mbele. Alimwamkia Bibi. Alisema zama zile zilikuwa na mambo yake, na si vizuri kuzipima kwa kipimo cha leo. Familia yake haikuwa katili. Watu hawa walikula humu, walivaa humu, waliuguzwa humu.

"Bibi yako alikuwa kama mtoto wa nyumba hii," alisema.

"Na watoto wenu wengine," Bibi alimuuliza, "mliwafungia kwa nje?"

Mzee yule, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinamisha uso. Msimamizi ndiye aliyeingilia. Alisema bibi amechoka, mlango wa jikoni uko karibu, familia inaweza kutokea hapo na kupumzika kivulini, fedha za tiketi zao zitarudishwa.

Bibi alisema hataki kurudishiwa. Amelipia nyumba nzima na bado hajaona orofa ya tatu. Maji yalikuwa yakipelekwa huko kila alfajiri, naye alitaka kuona yalikuwa yakifika wapi.

Ngazi zilikuwa na vidato sitini na viwili. Fundi alimshika mkono wa kulia, Mshonaji wa kushoto, na Kasuku akatangulia. Walipanda kidato kimoja, wakapumzika, wakapanda kingine. Ilichukua karibu nusu saa. Kundi zima liliwafuata kwa mwendo huohuo. Hakuna aliyewapita wala aliyerudi chini, na makundi mengine yaliyokuwa yakisubiri ngazi yalisimama ukutani yakinong'onezana habari kutoka mtu hadi mtu. Huko juu Bibi alikikuta chumba cha kuogea chenye beseni la shaba lililosuguliwa, na kibao kilichosema limetoka ng'ambo. Alichungulia ndani ya beseni kwa muda mrefu.

"Kubwa," alisema. Kisha akaomba kukaa.

*

Kasuku alifukuzwa kabla ya saa kumi. Barua ilisema ameachana na maelezo rasmi. Aliambiwa avue sare, naye akaivua na kuiacha mezani kwa Msimamizi, akarudi nyumbani na blauzi ya ndani na sketi, kichwa juu, kama anayetoka sherehe.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Neno lile ambalo Mshonaji aliliogopa lilianza kutembea mtaani. Alilisikia bombani likikatishwa katikati alipokaribia. Wateja wawili walituma watu kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Wa tatu alikuja mwenyewe, mwanamke wa nyumba ya kona, aliyependa kuuliza maswali huku akitabasamu. Alisema amesikia mambo, naye hakuamini, akaona aje aulize mwenyewe kama jirani.

Mshonaji alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake cha pini.

"Umesikia kweli," alisema. "Ukoo wa mume wangu ni wa watumwa. Bibi yao alifua nguo za mji huu mpaka mikono ikachubuka, na hakupewa hata senti. Huenda alifua na za kwenu. Sasa simama wima nikupime, kama ulikuja kupimwa."

Yule jirani alisimama akapimwa. Mshonaji alimwandikia vipimo, na baadaye aliingia chumbani akalia kidogo, kisha akanawa uso. Lakini alikuwa amelisema, na kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kumnong'onezea jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema kwa sauti.

Wakaja watu wengine, wa aina nyingine. Mzee mmoja aliyestaafu ubebaji mizigo alikuja kuuliza kama Bibi alijua majina ya wale kumi na mmoja, kwa sababu babu yake naye alikuwa mshona viatu wa kukodishwa. Mwalimu mmoja alikuja na daftari. Mkunga akaja na habari za nyumba nyingine, mtaa wa tatu kutoka hapo, yenye chumba kama kile. Kasuku aliandika yote. Kwa wiki chache tu za kukariri kurasa za Nyumba Kuu alikuwa amejifunza jambo moja la maana, jinsi ya kuwaongoza watu wakakufuata.

Wiki ya tano, Msimamizi alikuja mwenyewe, viatu vyake vizuri vikiogopa matope ya uani. Wageni walikuwa wakiulizia. Wengine walikwenda moja kwa moja chini ya ngazi na kuchokonoa puti. Familia imefikiri, alisema, na ina pendekezo. Bibi aje mara mbili kwa wiki, akae katika chumba kile, asimulie. Angelipwa vizuri. Angeshonewa nguo za zamani, zilizochakaa kidogo, ili wageni waone ilivyokuwa.

Fundi aliinuka, lakini mama yake alimzuia kwa kidole kimoja. Alimuuliza Msimamizi kama kibao cha mlangoni kingeandikwa watumwa. Msimamizi alisema wanafikiria kuandika wasaidizi wa nyumbani. Alimuuliza kama Kasuku angerudishwa kazini. Hilo lingeweza kuzungumzwa.

"Mwanangu," Bibi alisema, "unataka kunirudisha mle mle, tena kwa tiketi."

Alimshukuru kwa kuja. Mshonaji alimsindikiza hadi barabarani, kwa adabu zote.

Jumamosi iliyofuata Kasuku alianza kazi yake mwenyewe. Hakuwa na jengo wala dirisha la tiketi. Alikuwa na daftari, na kiti cha plastiki kwa ajili ya Bibi, kilichobebwa na Fundi. Walianzia kwenye kisima cha zamani, wakafuata njia ya wabeba maji, wakapita nyumba ya fundi viatu, wakaishia ng'ambo ya barabara mkabala na Nyumba Kuu, mahali ambapo kila mtu ana haki ya kusimama. Mara ya kwanza walikuwa watu tisa, na watano walikuwa majirani. Mara ya nne walikuwa arobaini na kitu. Aliyeweza alichangia, asiyeweza alitembea bure, na mwisho wa mwezi Kasuku aligundua kwamba alichopata kilikaribia mshahara wa Nyumba Kuu. Chapuchapu alikuja siku moja, akasimama nyuma kabisa. Fundi alipomwona, alimwita mbele awaeleze watu lile komeo lilikuwa na uzito gani. Akaeleza.

Msimamizi alivuka barabara kuwaambia hawana kibali cha kuitumia nyumba. Kasuku alimjibu kwamba hawaitumii, wanaitazama. Akageukia watu wake na kuendelea pale alipoachia, kwa ile sauti yake inayofika nyuma.

Ilifika pia mbele. Ndani ya Nyumba Kuu, kundi la tiketi lilikuwa orofa ya pili likielezwa habari za vitanda. Mgeni mmoja alisikia neno watumwa kutoka nje, akasogea dirishani na kufungua. Wengine wakamfuata. Msimamizi alirudi mbio na kumtuma mlinzi akafunge. Nyumba ile ilikuwa na madirisha ishirini na sita upande wa barabara, na siku ilikuwa ya joto kali. Mlinzi alifunga la kwanza, la tatu likafunguliwa. Akalifunga la tatu, juu yake yakafunguliwa mawili. Watu walitoa vichwa na viwiko nje, orofa baada ya orofa, wakimtazama bibi mmoja mdogo aliyeketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara.

"Wanasikia kweli kule juu?" Bibi alimuuliza mjukuu wake.

Kasuku alisema wa orofa ya tatu pengine hawasikii vizuri.

Bibi alishika mkono wa kiti, akasimama, akaanza upya tangu mwanzo.